Mtungi Mkavu

Jumamosi moja tukiwa likizoni, Asajile, mwenzangu wa jeshini, alinipeleka kwao Matema, kando ya ziwa, akiniahidi samaki. Kabla ya samaki mama yake alitubebesha mitungi. Makomando wawili tukapita sokoni na vyombo vya udongo kichwani, akina mama wakitupisha njia kwa heshima ya kejeli.

Mama alijaza maji kwenye mitungi mipya, akawa anaipapasa tumboni kwa kiganja, mmoja mmoja. Mimi, mkulima wa mpunga wa Ndandalo, nikajitia ujuzi.

"Mama, huu unavuja."

"Hauvuji, unatoka jasho. Ndivyo unavyopoza maji." Akanitazama toka juu hadi chini. "Na wewe komando, mara ya mwisho ulitoka jasho lini?"

Soko lilicheka. Asajile aliibeba hadithi hiyo hadi kambini. Nikalipiza kwa kumwita Bwana Vyungu, mpaka tulipovuka mto Ruvuma kwenda vitani.

Vitani kazi yetu ilikuwa kutangulia. Wanane, siku tatu au nne bila kuongea, tukiwatafuta waasi waliokuwa wakichoma vijiji. Nasema bila haya kwamba tulikuwa hodari. Mimi nilikuwa mkoromaji, lakini hata kukoroma waliniachisha, kwa mateke.

Siku ile tuliingia kijiji kilichohamwa. Ilikuwa saa nane mchana, na maji yalikuwa yametuishia tangu jana yake. Kwenye kivuli cha ukuta palikuwa na mtungi umejaa pomoni.

Niliinama na kikombe.

Asajile akanishika mkono. Akapitisha kiganja kwenye tumbo la mtungi.

"Mkavu," alinong'ona. "Umejazwa sasa hivi."

Aliyeujaza alikuwa bado karibu.

Akatupungia mkono, tukalala chini. Risasi zikapita pale kilipokuwa kichwa changu.

Yeye alisubiri mpaka wote tumelala. Risasi ilimwahi.

Tulipigana hadi waasi wakakimbia. Tulimbeba kwa zamu siku mbili, akazikwa kambini, mbali na ziwa.

Niliacha jeshi miaka ile maduka ya Kyela yalipoanza kujaa sabuni tena. Wenzangu walikimbilia biashara mpakani. Mimi nikajikalia na mpunga wangu. Barua ya jeshi ilikuwa imeshamfikia mama Asajile, ila ilisema tu kwamba mwanawe alifia kazini. Yaliyobaki nilikuwa nayo mimi. Miezi minne nikawa na visingizio: mvua, palizi, goti.

"Komando mzima unamwogopa muuza vyungu," mke wangu alisema. "Nenda, au nitaenda mimi."

Nikaenda. Nilimweleza mama yote, hata kile kikombe changu.

Akaacha kufinyanga.

"Aliupapasa kwa vidole?"

"Kwa kiganja, mama."

"Kiganja. Vidole vinadanganya, nilimwambia tangu mdogo." Akajifuta udongo mikononi, polepole. "Na ninyi wengine?"

"Tulirudi saba."

"Saba," alirudia, akainua uso. Nimepigiwa saluti na maofisa, lakini sijawahi kuona mtu amesimama wima kama yule mama. "Ndaga, mwanangu. Asante."

Kisha akachukua mtungi mpya, akaujaza maji, akauweka katikati yetu. Tukakaa tukiusubiri utoke jasho.