Nilimbwaga Mjomba kwa Hoja za Rais, Nikaharibu Posa ya Ndugu Yangu

Nimekosa mimi, na sina wa kumsingizia. Naliandika hilo kwa shida kwa sababu mimi si mtu wa kukosa. Uliza Kisauni! Niliondoka hapa na begi moja na kandambili, nikaenda Ghuba kubeba trei hotelini. Nikasoma mpaka nikapata diploma ya usimamizi wa hoteli, nikarudi, nikajenga. Nyumba yangu ina geti linalojifungua lenyewe. Silitaji geti kwa kujisifu. Haya, kwa kujisifu kidogo.

Sasa nisikilize wewe, msomaji, maana kwetu hakuna tena anayetaka kunisikiliza.

Nina ndugu mmoja wa mwisho. Nitamwita Baraka. Baba yetu alipofariki, Baraka alikuwa mtoto mdogo wa shule, na nikamsomesha mimi. Leo ni karani katika yadi ya malori huko Changamwe, kijana mpole, hana makuu. Akampata msichana, nitamwita Neema, mwalimu wa chekechea Likoni, upande ule wa kuelekea Shelly Beach. Aliposema anataka kuoa, nani angesimama pahali pa baba? Mimi! Siku hiyo niliingoja miaka yote niliyokuwa ugenini. Nikashonesha suti.

Kwetu sisi Wamijikenda, posa ina mpango wake. Wageni huja na kinywaji cha kuombea neno. Wazee wetu walibeba tembo la mnazi, na sisi watu wa kanisa tunabeba kreti ya soda. Kreti huwekwa katikati ya chumba, na ikishawekwa haiguswi. Wenyeji watakuzungusha na habari za mvua na za mbuzi hata uchoke. Mwisho msichana ataitwa aulizwe mbele ya wote: "Kinywaji hiki tunywe, tusinywe?" Akisema nyweni, mmepata mke. Kabla ya neno lake, hata uwe umetoka jangwani, humezi kitu.

Nililijua hilo. Nakuambia mapema usije ukanitetea.

Tulikwenda wanne: mimi, Baraka, shangazi yetu, na baba mdogo kutoka Kaloleni, ambaye huongea kama mtu anayelipia kila neno. Tulipokuwa kwenye feri akanivuta koti.

"Mwanangu, huko tunakwenda kuomba. Mwombaji hana maoni."

Nikacheka! "Baba mdogo, mimi nimehudumia mabalozi. Nimepanga bendera ndogo kwenye meza za mawaziri. Diplomasia naijua kwa harufu."

Akafumba macho.

Tulipokewa vizuri. Hodi, karibuni, shikamoo, marahaba, Bwana asifiwe. Baba yake Neema, mzee wa kanisa, aliketi kimya kwenye kiti chake kwa sababu siku hiyo si yeye wa kusema. Msemaji wao alikuwa mjomba wa Neema, kaka wa mama yake, mstaafu mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo. Mimi ndiye nilikuwa msemaji wetu. Kreti ikawekwa katikati. Mvua zikazungumzwa. Mbuzi wakazungumzwa.

Pembeni palikuwa na televisheni, imewashwa bila sauti. Akatokea Rais, anashuka kwenye ndege katika nchi ya watu. Zulia, bendi, watoto na maua.

Mjomba akanyoosha kidole. "Mnamwona mwanamume? Juzi huku, leo kule. Dunia nzima inamtaka."

Baba mdogo akakohoa. Kikohozi kile kilikuwa na maana yake. Mimi nikadhani ni kifua.

"Inamtaka," nikasema, "au anajialika?"

Mjomba akageuka taratibu, uso umemchangamka kama mtu aliyepakuliwa chakula akipendacho.

"Kijana, rais anayekaa nyumbani ni chifu."

"Na asiyekaa nyumbani ni mtalii. Tumtafutie chumba Shelly Beach!"

Mtu akacheka nyuma ya pazia la jikoni, sauti ya mwanamke. Kicheko hicho, msomaji, ndicho kilichoniponza. Mtu kama mimi usimchekee mara moja.

"Akisafiri mara moja anarudi na mikataba," akasema mjomba.

"Mikataba ya nini? Kufika hapa kwenu tumeruka madimbwi kama vyura. Mkataba wa barabara umekwama kwenye feri?"

"Barabara hii ni ya kaunti!"

"Aa! Kila kibaya ni cha kaunti, kila kizuri ni cha Rais!"

Kicheko tena! Shangazi yangu akanikanyaga mguu. Nikausogeza mguu.

"Sema utakavyo," mjomba akasema, "uchaguzi ukija atarudi asubuhi na mapema. Nyinyi wa wantam mnaimba tu, muhula mmoja, muhula mmoja, kama kasuku. Wimbo haupigi kura."

"Tumbo linapiga."

"Litampigia nani? Huko upinzani kila mmoja anataka kuwa bwana harusi. Hakuna hata mmoja anayekubali kuwa msindikizaji."

Hoja hiyo ilikuwa nzuri, nakiri leo. Basi nikapandisha sauti. Nikaeleza diplomasia ni nini. Nikasema mwenye busara hapimwi kwa wingi wa safari. Anapimwa kwa heshima anayoiacha nyumba aliyoingia. Nilisema hivyo mimi, kwa mdomo wangu huu huu, nimesimama nusu katika nyumba ya watu!

Mjomba akanitazama suti kutoka juu hadi chini. "Na wewe usimcheke. Hilo koti ni la diplomasia. Rais mmoja aliketi na mfalme mmoja wakanywa chai, ndipo nyinyi mkapata visa za Ghuba. Wewe ni tunda la safari, bwana."

Mungu wangu!

Angenitukana mimi, ningevumilia. Lakini kusema eti nilipelekwa? Mimi? Nikasimama wima. Nikaanza na wakala aliyetudanganya, nikaenda kwenye chumba tulicholala tumepangwa kama dagaa, nikaja kwa mwajiri aliyeninyang'anya paspoti. Hakuna rais aliyenipigia simu kuniuliza umekula? Nikapanda na trei, nikapanda na diploma, nikafika mpaka kwenye geti. Ndiyo, nilimweleza hata geti linavyojifungua!

Nilimsikia Baraka, aliyeketi karibu na mlango, "Kaka. Kaka." Nikadhani ananishangilia.

Koo likanikauka. Na hapa, msomaji, natamani ningekuwa ninasimulia habari za mtu mwingine. Mkono wangu ukashuka kwenye kreti. Ukachomoa chupa ya soda ya machungwa. Nikang'oa kizibo kwa meno, nikanywa mpaka nusu, nikashusha pumzi. "Ahaaa!" Kisha nikaendelea na hoja.

Sikuendelea mbali. Hakuna aliyekuwa ananitazama usoni. Wote walitazama chupa.

Nikaangalia pembeni kukwepa macho yao, nikakutana na televisheni. Rais sasa alikuwa kwenye karamu. Ameshika glasi yake, ameituliza kifuani, anamngoja mwenyeji wake anywe kwanza.

"Ameonja," mjomba akasema, polepole. Ile sauti ya ng'ambo ilikuwa imekwisha.

Baba yake Neema akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Mwiteni."

Neema akaja na leso mabegani. Akatazama kreti, akaona pengo. Akatazama mkono wangu. Mjomba akamuuliza kama ada inavyotaka, lakini kwa aibu, kama anayesoma tangazo la msiba.

"Neema mwanangu, wageni wameleta kinywaji. Tunywe, tusinywe?"

"Kishanywewa, mjomba. Mnaniuliza nini?"

Akarudi ndani. Hakupiga mlango wala hakulia. Heri angelia!

Mama yake akanijia, akaitoa ile chupa mkononi mwangu kama unavyomnyang'anya mtoto kisu, akaiweka juu ya kabati. "Hii itakaa hapa," akasema. Basi.

Tulirudi na kreti yetu. Kwenye feri watu walitupisha: mwanamume wa suti amebeba soda yenye pengo, nyuma yake wenzake watatu kama wanaotoka mazikoni. Baraka alisema neno moja tu njia nzima.

"Kaka, ulishinda?"

"Nini?"

"Mjadala. Ulishinda?"

Wiki hiyo akahama nyumbani kwangu alikokuwa akikaa, akapanga chumba Changamwe karibu na yadi, huko kwenye moshi wa malori. Nikimpigia, hapokei. Habari ikavuka maji kabla hata suti haijafuliwa, na Kisauni nikapata cheo. "Balozi, hujambo?" "Balozi, nikuletee soda?" Mtu niliyejenga kwa jasho langu, mwenye karatasi ya diploma ukutani, nikawa napita uchochoroni kumkwepa muuza mahamri!

Unajua nani peke yake katika ukoo ule aliyeendelea kunisalimu? Mjomba! Tulikutana Likoni, watu wanasubiri feri, akaniita kwa mbali.

"Balozi! Lile neno lako la mtalii limenikaa kooni. Nina jibu lake."

"Mjomba, nisamehe."

"Mimi? Mimi ulinifurahisha! Pale kwa shemeji yangu wote wananikubalia, nitabishana na nani?" Kisha akapunguza sauti. "Neema anampenda kijana wenu, sikufichi. Lakini unajua alituambia nini? Watu hawa wakinywa kabla sijasema leo, nikishakuwa mke kwao nitasema nini wasikie?"

Nikainamisha kichwa. Kwa hilo sikuwa na hoja, na nilipolitafuta jibu nikaona kwamba sitakiwi kuwa nalo.

"Leteni mbuzi wa radhi," akasema, "na kreti nzima. Na mdomo mwingine."

Mdomo mwingine! Unajua nani? Baba mdogo wa Kaloleni. Yule aliyefumba macho kwenye feri. Ukoo ulikaa bila mimi ukaona kwamba sifa kuu ya msemaji ni usingizi.

Jumamosi iliyopita asubuhi Baraka akaja. Nikaruka kwa furaha. Nikampa mkono, akaupokea.

"Kaka, naomba gari."

"Nivae tu, dakika moja. Suti iko..."

"Gari, kaka. Gari tu."

Nikampa ufunguo. Mbuzi akapakiwa, kreti ikapakiwa, shangazi akapanda mbele pahali pangu. Geti likajifungua lenyewe. Wakatoka. Likajifunga lenyewe. Nikabaki ndani na geti langu.

Alasiri shangazi akanitumia picha. Chumba kile kile. Kila mtu ana chupa mkononi, hata baba yake Neema. Neema anacheka, mkono mdomoni. Mjomba amepanua kinywa, bila shaka anamtetea Rais. Baba mdogo amefumba macho. Na Baraka, mtoto niliyemsomesha, amesimama pahali ambapo ningekuwa nyuma yake na mkono wangu begani mwake. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na kabati, na juu ya kabati ile chupa ya machungwa, nusu, pale pale ilipowekwa.

Siku ile ya kusimama badala ya baba haina marudio, ndugu zangu. Ndugu huposewa mara moja. Harusini nimepewa kazi, nisije nikasema nimetengwa: nitapanga meza. Si nina diploma yake?

Basi wewe uliyerudi kutoka kokote ulikorudi, mwenye koti na maoni, nakuonya. Ukienda ukweni, Rais mwache uwanja wa ndege. Atarudi madarakani, hatarudi, nimeacha kubashiri. Kura ni moja kila mtu na siku yake itafika. Ukichokozwa, kohoa. Ukichekewa, usiamini. Koo likikauka, meza mate.

Yule mtu niliyemcheka kwa safari zake nilimwona kwa macho yangu: alishika glasi akangoja. Mimi sikungoja.