Mashimo Tisa ya Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, alikata majani ya kiwanja cha gofu kule Lubumbashi kwa miaka kumi na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuruhusiwa kupiga mpira hata mmoja. Alipohamia kwetu Durban, Afrika Kusini, alipata kazi ya kulinda lango la jengo moja la maghorofa, mtaa wa Albert Park. Mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia alirudi kutoka kazini na mfuko mkuukuu wenye fimbo saba za gofu. Alizisugua kwa dawa ya meno mpaka dada akalalamika kwamba zinapigwa mswaki kuliko watoto.

Tukaenda Jumamosi kwenye kiwanja cha manispaa. Sheria ya pale ilikuwa kila mchezaji na mfuko wake, na sisi mfuko tulikuwa nao mmoja tu. Tukakubaliana mashimo tisa ya kwanza nicheze mimi, tisa ya mwisho acheze yeye. Aliyataka hayo kwa sababu yanatazama bahari.

"Weye anza, beau," aliniambia. Ndivyo Wakongo wanavyomwita shemeji. "Mi nichunguze majani kwanza. Na mtu akikaribia kupiga, wote wanyamaze. Ni politesse, ni adabu."

Nilikuwa kituko. Mpira wangu wa kwanza ulikwenda hatua kumi. Yeye hakucheka. Kila tulipokaribia shimo alichuchumaa, akapitisha kiganja juu ya majani, akasema, "Hapa inalala upande wa bahari. Piga kushoto kidogo." Nikipiga kushoto, mpira unamtii yeye.

Tulipomaliza shimo la tisa, wanaume wawili waliokuwa nyuma yetu walitufikia. Mmoja nilimfahamu: meneja wa kiwanda cha rangi kule Jacobs. Nilikuwa nimemtengenezea simu mara mbili kwenye duka nililofanyia kazi, na barua yangu ya kuomba kazi ya stoo ilikuwa mezani kwake. Akasema tucheze pamoja mashimo yaliyobaki. Kisha akamtazama shemeji, ambaye tayari alikuwa ameshika fimbo, amevaa viatu vyake vya kanisani.

"Umepata mbeba mfuko hodari," akaniambia kwa Kiingereza.

Nilipaswa kusema: huyu ni shemeji yangu, na zamu ni yake. Maneno machache tu. Nikaifikiria ile stoo, nikamfikiria shemeji na sare yake ya ulinzi, nikacheka. Nilicheka, Mungu anisamehe.

Shemeji aliifuta ile fimbo kwa shati lake, akanipa.

"Piga, beau," akasema kwa sauti ya chini. Kisha akanyamaza, maana nilikuwa nakaribia kupiga.

Nikacheza mashimo yake yote tisa. Alitembea nyuma yangu na mfuko begani, akanionyesha kushoto, akanionyesha kulia. Meneja aliisifu bahari na meli zilizosubiri kuingia bandarini. Nikaitikia bila kutazama. Kwenye shimo la mwisho mpira wangu uliingia kutoka mbali, wakanipigia makofi. Shemeji alikuwa ameshika reki, anasawazisha mchanga nilioutimua.

Kwenye taxi nilianza kusema. "Wacha," akanikata. "Weye iko unatafuta kazi."

Nyumbani dada alikuwa amepika pilau kama siku ya sikukuu. Hata hatujakaa akamuuliza mumewe, "Haya, umepigaje?"

"Vizuri sana," akasema. "Ya mwisho iliingia toka mbali. Uliza ndugu yako, alikuwa pale."

Dada akanigeukia, uso mzima furaha. Nikasema kweli, iliingia.

Ile kazi akapewa mtu mwingine. Nilimwahidi shemeji kwamba tutarudi, na Jumamosi zikapita, mimi ndiye mwenye visingizio. Ilikuwa aibu, si kukosa nafasi. Alifariki mwaka 2014, na mfuko bado ulikuwa juu ya kabati.

Msibani, chumba kimejaa watu, dada aliwasimulia siku ambayo mume wake alicheza gofu, mashimo tisa mazima, na jinsi mpira wa mwisho ulivyoingia. Baadhi yao hawakuamini. Mlinzi, gofu?

"Muulizeni huyu," dada akasema, akaninyooshea kidole. "Alikuwa pale."

Wote wakanyamaza, wakanitazama.

"Iliingia," nikasema.