Barua Iliyotaja Ukinzani

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Idara ya Fizikia alinipa kitambaa na kipande cha kioo, akaniambia nikisafishe. Nilipokirudisha alikiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Binti, hapa kuna alama ya kidole. Kwa kazi yetu, huo ni mlima."

Nilikuwa nimetoka kwetu Mukuju asubuhi hiyo, mtoto wa wakulima, nimeajiriwa fundi wa maabara katika chuo kimoja cha Tororo. Kioo kile nilikisafisha mara nne.

Mkuu wa Idara alikuwa Mhindi Mwislamu, mzaliwa wa mjini hapo, ndugu zake wenye malori. Alinifundisha kutengeneza utando wa metali. Tuliweka bati, ile metali laini nyeupe, ndani ya chombo cha kioo chenye umbo la kengele, pampu ikafyonza hewa, kisha tukalichoma kwa umeme mpaka likawa mvuke. Mvuke uligandia kile kipande cha kioo kilichosafishwa, ukawa chembechembe ndogo ajabu. Leo vijana mnasema nano. Sisi tulisema "ndogo sana" tukaendelea.

Swali lake lilikuwa moja. Kila metali huuzuia umeme kidogo, na kizuizi hicho huitwa ukinzani. Bati likipozwa mno, ukinzani hutoweka kabisa, kwa kuwa elektroni hushikana mbilimbili na kwenda pamoja. Je, chembe ikipunguzwa kiasi gani, elektroni zitakosa nafasi ya kushikana? Baridi ya namna hiyo Tororo hatukuwa nayo, kwa hiyo vioo vilipimwa kwenye maabara moja ya ng'ambo.

Serikali ya kijeshi ilipowafukuza Wahindi, naye akaondoka, akapata kazi kwenye maabara hiyohiyo. Aliniachia funguo.

"Wewe tengeneza, mimi nitapima," alisema. "Nataka kujua kikomo kiko wapi."

Walimu wengi walikuwa wameondoka, nikapewa pia darasa la kufundisha. Jioni nilitengeneza tando. Barua upande wetu zilifunguliwa na askari, kwa hiyo nilivuka mpaka pale Busia kwa miguu, nikaposti vioo upande wa Kenya, ambako dada yangu alikuwa ameolewa. Majibu yalikuja kwa anwani ya shemeji.

Siku moja nikirudi na jibu ndani ya kikapu, sajini wa mpakani alilikuta. Nilipelekwa kambini. Siku mbili nilikaa sakafuni na wanawake waliokamatwa na sabuni ya magendo; mmoja wao, Msamia wa pale mpakani, alinigawia muhogo wake. Siku ya tatu niliitwa na Kapteni. Barua ilikuwa ya Kiingereza, na kwa Kiingereza ukinzani wa umeme na upinzani wa watu ni neno moja.

"Mwalimu, hii barua nasema vikundi kubwa, ukinzani yao imekwisha. Ile dogo nakinza bado. Hiyo vikundi iko kijiji gani? Mwello? Kwapa?"

"Ni vikundi vya chembe za bati, afande."

"Chembe naandikiwa barua?"

Niliomba tochi yake, waya na penseli. Nilichonga penseli pande zote mbili, nikapitisha umeme kwenye waya: balbu ikawaka vizuri. Nikaupitisha kwenye penseli: ikafifia.

"Penseli inauzuia umeme, afande. Huo ndio ukinzani."

Alijaribu mwenyewe mara tatu.

"Na chuma yenu ni bati peke yake?"

Tulitumia pia risasi, ile metali nzito. Neno hilo nililimeza.

"Bati tu, afande."

"Nenda. Barua nabaki."

Mkuu wa Chuo alinipokea getini, akanishika mikono yote miwili. "Mama, nisamehe, lakini ile mashine ya tando leo izimwe." Niliifungua mwenyewe, skrubu moja moja.

Barua ile ilikuwa na vipimo vya chembe zangu ndogo kuliko zote, na sikuwa nimeisoma hata nusu. Utawala ule ulipoanguka nilimwandikia Mkuu wa Idara. Akajibu mwanawe: mzee alikwisha kufariki. Alichoweza kuniambia ni kwamba wengine wamekwisha kukipata kikomo, kwamba chembe ikipungua kupita hapo elektroni hazishikani tena. Nilifurahi, nikalia pia.

Nilifundisha hadi nikastaafu. Wanafunzi wangu walidhani nina kichaa kidogo, kwa sababu kila mwaka, kabla sijaandika neno ukinzani ubaoni, nilikwenda kwanza kufunga mlango.