Mkono Uliokuwa Kitandani mwa Mama

Harufu ya pamba iliyopigwa pasi ya mvuke ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu mtaa wa Fordsburg, huku kusini mwa Afrika. Mama, fundi cherehani kutoka Tanga, alishonea sebuleni, nami nilikuwa na miaka tisa. Majira yale ya baridi alipata kiharusi. Akalazwa wiki tatu, akarudi akiburura mguu, lakini akiongea na kucheka kama zamani. Tukamshukuru Mungu, tukidhani yamekwisha.

Siku ya kwanza alikula wali wa upande wa kulia wa sahani tu, akalalamika, "Mbona chakula kidogo hivi?" Baba alipoizungusha sahani, mama alishtuka: wali ule umetoka wapi? Ushungi wake ulifunika nusu ya kichwa. Alipojaribu kurudi kazini, alimkatia mteja gauni la mkono mmoja tu, akalikunja kwa fahari. Daktari alimweleza baba kwamba macho ya mama ni mazima; ubongo ndio uliosahau kuwa dunia ina kushoto. Wahenga husema asiyekuwepo na lake halipo, lakini mimi nilikuwepo. Nikisimama kulia kwake, aliniona na kutabasamu. Nikisogea hatua mbili, nilifutika.

Adhuhuri moja, jua la baridi likiwa limejaa chumbani, nilimkuta kitandani akipapasa kitu juu ya blanketi kwa mkono wa kulia.

"Mwanangu, nani kaacha mkono hapa?"

"Ni wako, mama."

"Wangu haujawahi kuwa baridi hivi. Mwite baba yako auondoe."

Nilirudi nyuma hadi upande wa kushoto wa kitanda, nikachuchumaa ukutani. "Mwajuma? Umekwenda wapi?" Alisikia pumzi zangu, ila alinitafuta upande wa kulia, akazidi kugeukia huko huko, mpaka shingo ikakataa. Ningeweza kujibu. Sikujibu, kwa kuwa nilimwogopa mama yangu mzazi. Alipoanza kutokwa na machozi ndipo nilipousogelea mkono ule, nikaushika, nikauvusha polepole mbele ya kifua chake mpaka mahali anapoona.

"Ufuate, mama. Anzia kwenye vidole vyangu."

Aliufuata kwa macho: vidole, kiwiko, bega. "Eish," alisema hatimaye, neno la mshangao la mitaani alilokuwa akinikataza nisilitamke nyumbani.

Kuanzia hapo tulifanya hivyo kila siku nikitoka shule. Kushoto kulirudi kidogo kidogo, na baridi ilipokwisha, mijakaranda ya mtaani ikachanua, aliniona nikiingia mlangoni bila kuitwa.

Leo ninaishi naye mtaa mwingine, Randburg, na umri wangu umefikia ule aliokuwa nao wakati ule. Hutembea kwa fimbo, hunisimanga kwa kuchelewa kuolewa. Nikimwuliza kuhusu majira yale, hushangaa kweli. "Mimi sikuona kitu kilichopungua," husema. Utotoni nilitishwa na mkono uliokosa mwenyewe. Siku hizi kinachonitisha ni jibu hilo. Huwa nasimama katikati ya chumba changu, nikageuza kichwa kushoto taratibu, kisha nikageuza tena, kuhakikisha kwamba kushoto kwangu bado kupo.