Mshenga wa Kompyuta

Kokoa ikichachuka ina harufu ya siki na ndizi zilizoiva kupita kiasi, na Kyela ya utoto wangu ilinuka hivyo kutwa nzima, maana kila ua ulikuwa na mikeka ya kokoa iliyoanikwa juani. Nyumbani kwetu harufu hiyo ilichanganyika na vumbi la mpunga, kwa sababu chumba cha mbele, kile kilichotazama barabara, kilikuwa stoo ya magunia. Mpaka leo nikizisikia harufu hizo mbili pamoja, damu inanichemka. Zinanirudisha kwenye miezi ile niliyomaliza darasa la saba, nikataka kutengeneza kompyuta ya kuchezea gemu, na watu wazima wenye akili zao timamu wakaamua kunisaidia.

Niseme kwanza mimi ni nani, msije mkadhani mnasoma habari za mtu wa kubahatisha. Sikusoma. Darasa la saba, basi. Lakini leo nina maduka matatu ya vifaa vya kompyuta na simu, mawili Kyela na moja Mbeya mjini, na vijana wenye digrii zao ukutani wananipigia simu kuuliza kwa nini mashine zao zinajizima. Ninawaambia bila hata kuziona, kwa kusikiliza feni tu kwenye simu. Hakuna aliyenishika mkono. Waliojaribu kunishika mkono ndio hao ninaotaka kuwasimulia.

Mjini kwetu wakati huo kulikuwa na fundi mmoja, Gwakisa, mwenye duka la kuchapa barua na maombi ya kazi. Nilikuwa nikimfagilia duka, naye asipokuwa na mteja alinifungulia gemu la mpira kwenye kompyuta yake. Wavulana walijazana dirishani mpaka kioo kikapata ukungu. Wenzangu waliona mpira. Mimi niliona biashara. Nikamwomba baba chumba cha mbele. Baba alikuwa mtu wa maneno machache, akihesabu maneno kama mtu anayehesabu mbegu. Akahamisha magunia yake kwa mikono yake mwenyewe. Alipomaliza akasema, "Lusajo, chumba ni chako mpaka mvua za kulimia. Mvua ikinyesha mara ya tatu sijaona watu humu, unakwenda Ngonga kwa shangazi yako." Ngonga maana yake ilikuwa mpunga: maji ya magotini, mgongo umepinda, na ruba wananing'inia miguuni kama hereni. Binamu zangu wawili walipelekwa huko kwa msimu mmoja tu, na ninavyoandika haya bado wako huko, wana wajukuu. Kwa hiyo mjue nilikuwa ninagombania nini. Haikuwa gemu.

Mama yangu ni Mkisi, wa mwambao kule upande wa Matema, na vifaa vilinunuliwa kwa vyungu vyake. Dada zake walivifinyanga, yeye akaviuza gulioni miezi mingapi sijui, akanikabidhi fedha ndani ya kitambaa bila kuuliza prosesa ni mnyama gani. Fundi Gwakisa akaniandikia karatasi. Juu kabisa aliweka mazabodi, lile bao kubwa ambalo vitu vingine vyote huchomekwa juu yake, kisha prosesa, ambayo ndiyo akili ya mashine, kisha vingine. Chini akaandika kwa herufi kubwa na kupigia mistari miwili: HAKIKISHA VINAOANA. Laiti angeandika neno jingine lolote! Angeandika vinaingiliana, angeandika vinafaana, maisha yangu yangekuwa mepesi.

Maana mtoto hakuachiwa kwenda Mbeya peke yake na fedha za mama. Nilipewa mtu mzima wa kunisindikiza, na huyo alikuwa baba mdogo Ambakisye, mdogo wake baba. Baba mdogo alikuwa mshenga. Simaanishi aliwahi kuposa mara moja mbili. Nasema alikuwa ameposea nusu ya vijana wa kata yetu, na hakuna nyumba kuanzia Katumba Songwe mpaka ziwani ambayo hakuwahi kunywa chai yake akizungumzia binti wa watu. Aliisoma ile karatasi, akafika kwenye mistari miwili, akaikunja na kuitia mfuko wa koti. "Ndaga fijo, asante sana," alisema, kama mtu aliyepewa kazi anayoijua hatimaye. "Kumbe ni mambo ya kuoana tu."

Dukani Mbeya muuzaji akatuwekea mezani boksi la prosesa na boksi la mazabodi, yote mawili yana nembo ileile nyekundu. Ndivyo karatasi ilivyotaka. Baba mdogo akayasogeza karibu, akayatazama kama mabinti wawili.

"Hawa mbona jina lao moja?"

"Kampuni moja hiyo, mzee."

"Baba yao mmoja?"

"Tuseme hivyo," muuzaji akacheka.

"Sasa bwana wewe, watoto wa baba mmoja wanaoanaje? Unataka kumpelekea mtoto wa watu laana nyumbani?"

Duka zima likacheka, hata mimi nikacheka, nikidhani ni utani. Haukuwa utani! Akalirudisha lile boksi la mazabodi, akanyoosha kidole kwenye jingine la kampuni tofauti kabisa, zuri, limechorwa joka. "Huyu ndiye. Ukoo wa mbali, na anaonekana ana afya." Nikamvuta koti. Nikamnong'oneza kuwa Fundi ameandika lile la kwanza. "Lusajo," akasema kwa sauti ambayo hata wapita njia waliisikia, "mimi nimeanza kuozesha watu kabla mama yako hajaonwa. Huyo mama yako unadhani alitafutwa na nani?" Muuzaji akanyamaza, kwa sababu boksi la joka lilikuwa la bei kubwa. Nami nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na minne, na kwetu mtoto hambishii mkubwa mbele ya watu. Nimesimama kwenye mabenki, nimegombana na mawakala wa mizigo bandarini, lakini ule ukimya wangu wa siku ile bado unanikaba.

Prosesa za wakati huo zilikuwa na miguu, nyembamba kama sindano, zaidi ya mia nne, na kila mguu una tundu lake kwenye mazabodi. Za kampuni hii hazikai kwenye matundu ya kampuni ile. Tulipofika nyumbani nikamweleza baba mdogo jambo hilo polepole, nikimwonyesha kwa kidole. Akaniambia nisogee. Akaiweka prosesa juu ya matundu, akaweka kidole gumba juu yake, kidole cha mtu aliyelima tangu utoto, akabonyeza. "Mabibi harusi wote huona haya mwanzoni," akasema. Nilisikia mlio mdogo, kriki, na nikahisi kama ni jino langu. Miguu kumi na mmoja ilikuwa imelala chali.

Nikamwomba turudi Mbeya tubadilishe. Akakasirika kwelikweli. "Tangu nizaliwe sijarudisha posa!" Akavaa kofia, akaenda zake. Siku mbili baadaye mvua ya kwanza ikanyesha.

Sasa hapa ndipo mnione mimi. Nilichukua sindano ya mama, nikakaa mlangoni penye mwanga, nikainyoosha ile miguu mmoja mmoja nikibana pumzi. Siku mbili. Fundi Gwakisa mwenyewe alikataa kuigusa, alisema mkono wake haufai kazi hiyo. Mvua ya pili ikanyesha nikiwa mguu wa tisa. Kisha nikakumbuka kwamba wakala mmoja wa kokoa ofisini kwake alikuwa na kompyuta iliyouawa na umeme, anaiwekea vitabu vya risiti juu. Nilikuwa nimeichungulia: ilikuwa ya ukoo wa prosesa yangu. Nikaenda na boksi langu la joka. "Shikamoo. Nikupe hili jipya, unipe bao kuukuu lililomo humo." Akaligeuza boksi, akanitazama kama mwehu. "Umetumwa na wazazi wako?" Nikasema ndiyo. Ni uongo huo, na siujutii. Kilichokuwa kimekufa kwenye mashine yake ni kisanduku cha umeme tu. Bao lilikuwa zima kabisa. Msiniulize nilijuaje. Nilinusa.

Mvua ya tatu ilinyesha asubuhi ya Jumamosi, na watu waliokimbia kujikinga barazani kwetu walikuta skrini inawaka, timu mbili zinacheza, na mimi nimekaa kwenye debe kama meneja. Chumba kilijaa mpaka wengine wakapanda dirishani. Baba akatokea mlangoni akiwa na jembe jipya begani, lile alilokuwa ameninunulia mimi. Akasimama pale goli moja, goli la pili. Watu wakampisha, hakuingia. "Basi hili nitalimia mwenyewe," akasema, akaondoka nalo mvuani. Nilitaka kumkimbilia, lakini baba mdogo Ambakisye alikuwa amesimama katikati ya chumba ananizuia njia, mikono juu, anawatangazia watu: "Si niliwaambia wataoana!" Wakampigia makofi. Jamani! Alipofariki, miaka mingi baadaye, msomaji wa wasifu wake alisema marehemu ndiye aliyeleta kompyuta za gemu Kyela. Nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Nimevaa suti. Nilitamani kusimama.

Mwaka huu binti yangu Bupe ameamua kuunda kompyuta yake ya gemu. Mimi mwenye maduka matatu nikajiandaa, nikatenga vifaa vizuri, nikasubiri kuulizwa. Wiki tatu alikuwa kwenye simu, akitazama vijana wa nchi za mbali wanaofungua maboksi na kubishana juu ya feni. Nikimwambia chukua kadi hii ya picha, ananijibu kwa adabu, "Ni nzuri Baba, ila itakaba mashine, vingine vyote vitakuwa vinaisubiri." Itakaba! Mimi! Vifaa vikaja kwa basi, vimefungwa vizuri, kila kimoja kikaingia mahali pake bila kubonyezwa. Akawasha. Ikawaka mara ya kwanza, taa za rangi zinazunguka, kimya kabisa. Hata jirani hakuchungulia dirishani. Watu wazima wa siku zangu waliniharibia kila kitu, lakini walijaa chumbani.

Nikamuuliza, "Na mimi humu ndani nimechagua nini?"

Bupe akafikiri kwelikweli, akaangalia mashine juu mpaka chini. "Wewe Baba umetoa chumba," akasema, kisha akaniomba nisogee kidogo kwa sababu nilikuwa nimekanyaga waya.