Siku Baba Alipong'oa Kiti cha Mama

Juzi nilikuwa Kondele nikingoja fundi anizibie sufuria. Pembeni yangu kijana mmoja alikuwa amekalia ndoo, anakata madigadi ya pikipiki kwa msumeno wa chuma. Nikamwuliza, "Sasa wewe, unaitengeneza au unaiharibu?" Akasema anataka iwe ya mbio, ya mtu mmoja. Nikamwuliza kama ana mke. Alicheka, akadhani mama huyu anatania. Sikuwa natania, rafiki yangu. Mimi nikiona mwanamume anang'oa kiti cha nyuma cha pikipiki, moyo hunidunda. Nililelewa hivyo.

Tulikaa Nyalenda, miaka ya mwanzo ya sabini, nyumba ya udongo na bati yenye vyumba viwili. Bomba la maji lilikuwa moja, tukiligombania na nusu ya mtaa. Asubuhi kazi yangu ilikuwa kupanga foleni na debe, jioni kuchambua omena, dagaa wetu, na kutoa mchanga, mpaka vidole vikanuka ziwa hata darasani. Baba alifanya kazi karakana ya reli. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini haikutupa shida kwa sababu Mama alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili.

Pikipiki aliinunua kwa Mhindi mwenye duka aliyekuwa anahamia Uingereza. Ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani, nzito, na ikiwashwa nje, vikombe vilitetemeka mezani ndani. Jumapili Mama alipanda nyuma, amekaa upande, miguu pamoja, kitambaa cha kichwa kimekazwa, kitabu cha nyimbo kwapani. Wanawake wengine walikuwa wanakanyaga tope kwenda kanisani, na yeye anapita akiwasalimia kwa kidole kimoja. Hebu fikiria, mwanamke wa Nyalenda, wakati ule! Kile kiti kilikuwa heshima yake yote, na mtaa mzima ulijua.

Shida ilianzia kwenye gazeti la picha ambalo yule Mhindi alilisahau ndani ya sanduku la spana. Lilikuwa na vijana wa Uingereza waliovaa jaketi za ngozi, wamelala juu ya pikipiki zao. Baba alinieleza kwamba wanashindana kutoka mkahawa mmoja hadi mwingine. Dani, yaani nyanya yangu, mama yake Baba, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Pap Onditi. Aliitazama ile picha kwa muda, akauliza, "Wanakimbia kutoka kahawa hii kwenda kahawa ile? Kwani ya kwanza haikuwashibisha?" Baba alitabasamu tu. Jumamosi iliyofuata akachukua msumeno.

Kwanza yalikatwa madigadi. Kisha usukani ukashushwa chini, mpaka mtu akiushika lazima ainame kama anayetafuta sindano. Tangi alilitengeneza upya, akigonga bati juu ya gunia la mchanga, polepole, akilipapasa kwa kiganja baada ya kila pigo, na akaacha mabonde mawili pembeni ya kuingiza magoti. Mimi nilipenda ile sauti. Mwisho akafungua kiti kirefu pamoja na keria, akaweka kiti kifupi cha mtu mmoja, chenye nundu nyuma.

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Na kiti changu?"

"Kinaongeza uzito," Baba akajibu, bila kuinua kichwa.

Yawa! Maneno yote yaliyoko duniani, akachagua hilo, na Mama hata miezi mitatu hajamaliza tangu ajifungue.

Toka siku hiyo Mama alienda kanisani kwa miguu, na tope lilikuwa lile lile la wenzake. Baba naye, ibada ikiisha tu, anapiga kiki na kuondoka upande wa Ahero, na anarudi saa kumi macho mekundu, shati limejaa vumbi. Ukimwuliza alikokuwa, anasema, "Najaribu injini." Jirani yetu, muuza omena, ndiye aliyetutafsiria mambo. "Lisemwalo lipo," alimwambia Mama, "na kama halipo, laja. Mwanamume hamng'oi mke wake nyuma kama hana mahali pa kwenda."

"Lakini na huyo mwingine atakaa wapi?" Mama akauliza. "Kiti ni kimoja."

"Nani amekwambia anambeba? Anamwendea."

Basi nyumba ikageuka kituo cha polisi. Mama alinusa mashati. Alihesabu vifungo. Aliangalia vumbi la viatu, kama ni jekundu au jeusi. Ugali uliwekwa mezani kwa kishindo, na samaki wa ngege aliyekuwa anakaangwa kwa nyanya sasa alichemshwa kwa chumvi tu. Mimi mwenyewe, mtoto wa miaka kumi, nilianza kumtazama baba yangu kwa jicho la pembeni. Usiku nilikuwa naogopa kwamba nitaamka nikute ana nyumba nyingine na watoto wengine, na sisi tumebaki na lile gunia la mchanga.

Shule zilipofungwa, Mama alinituma kwa Dani, huko huko upande wa Ahero, nimpelekee sukari. Hiyo ndiyo sababu iliyotajwa. Sababu yenyewe alininong'oneza stendi ya basi: "Jumapili ukae kando ya barabara. Umwone baba yako akipita, uone ana nani."

Nilikaa. Jua la uwanda wa Kano unalijua, halina huruma. Nikasikia mngurumo kabla ya kuona kitu, kisha Baba akapita, amelala juu ya tangi, shati limefura mgongoni. Akarudi. Akapita tena. Hakuwa anakwenda popote! Alikuwa anakimbia barabara ile iliyonyooka, mwisho hadi mwisho, peke yake, na alikuwa anacheka. Sisemi anatabasamu. Alikuwa anacheka kwa sauti, mdomo wazi, machozi yanamtoka kwa upepo. Sikuwahi kumwona hivyo, na niliona wivu.

Mara ya nne aliniona, akasimama. Hakuniuliza nimetumwa na nani; nadhani alijua. Alininunulia soda dukani, akanipakia mbele juu ya tangi, tukaenda kasi mpaka nikapiga kelele kwa furaha. Tuliposhuka akainama usawa wangu. "Nyathina, mtoto wangu, usimwambie mama yako ninakimbia namna hii. Ndugu yake alikufa barabarani. Hatalala." Nikaahidi.

Nilipofika Nyalenda, Mama alikuwa mlangoni. "Ulimwona?"

"Ndiyo. Alikuwa peke yake."

"Akienda wapi?"

Nikajaribu kupita niingie ndani. Macho yake yakashuka kwenye gauni langu, kwenye doa la mafuta. Akatia mkono mfukoni mwangu akatoa kizibo cha soda. Watoto tulikuwa tunavikusanya. "Nani alikununulia?"

"Baba."

"Kwa nini?"

Ningesema nini? Nikaangalia chini. "Ah," Mama akasema, "amekununua hata wewe." Kesho yake alimfunga mtoto mgongoni, akapanda basi kwenda kwao Bondo.

Wiki tatu tulikula uji na nyoyo, yaani mahindi na maharagwe, niliyoyapika mwenyewe, mara mabichi, mara yameungua. Baba hakulalamika. Jumamosi ya tatu alirudisha kile kiti kirefu, na keria, na usukani wa zamani. Kiti cha nundu alikipondaponda kwa nyundo. Akavaa koti, akaenda Bondo. Jumapili jioni nikasikia injini, na Mama alikuwa nyuma, amekaa upande, mtoto mapajani. Nililia kwa furaha mpaka jirani akaja kuangalia ni nini. Walivyopatana kule hakuna aliyetuambia sisi watoto.

Baba hakuikata tena pikipiki, wala kitu kingine chochote. Baadaye aliiuza, akanunua baiskeli, na wote tukasema amepata akili. Siku hizi nikipita Nyalenda siwezi hata kuonyesha nyumba yetu ilikuwa wapi. Jirani alifariki, Dani akamfuata, na ile barabara haina tena nafasi ya mtu kukimbia peke yake. Lakini Mama hakuacha kunusa mashati. Walikaa pamoja zaidi ya miaka arobaini, na hakuna Jumapili hata moja ambayo Baba alichelewa bila yeye kusimama mlangoni.

Baba tulimzika Pap Onditi. Kwetu siku ya mazishi ndiyo siku ambayo siri hutoka: mwanamke usiyemjua hufika na watoto wenye pua ya marehemu. Mama alikaa kando ya jeneza, lakini hakulitazama. Alitazama umati. Kila mwanamke mgeni aliyeingia akilia, Mama alimpima kutoka kichwani mpaka viatuni. Ndipo nikaelewa nilichomfanyia. Nikachuchumaa kando yake, nikamwambia yote: barabara, soda, ahadi. "Hakukuwa na mwanamke, Mama. Alikuwa anacheza."

"Usinidanganye," akasema. "Alikiri mwenyewe kule Bondo, mbele ya baba yangu na ndugu zangu. Aliulizwa, mwanamke ni nani? Akasema, nimeshamwacha."

Mwanamume anayetafuta mke wa pili, wazee wa Bondo wangemwelewa, wangemkemea na kumrudishia mke wake. Lakini baba wa watoto asimame mbele ya wakwe zake aseme nilikuwa nacheza na pikipiki? Nikamweleza Mama hivyo. Alisikiliza, mikono imeshikana mapajani.

"Alikuwa anacheka kweli?" akauliza.

"Kwa sauti, Mama. Peke yake."

Mwanamke mwingine mgeni aliingia langoni akipiga mayowe, na Mama hakugeuka. Alisogeza kiti chake karibu na jeneza, akafunua kitambaa kilichomfunika uso, akamtazama mume wake.