Kichaka Alichokikataza Abuya

Nilipokuwa mtoto, babu yangu aliniita Mama. Hakuwa akinitania. Mimi ndiye niliyepewa jina la mama yake, Abuya, na kwetu karibu na Magunga jina halitolewi kwa sababu linapendeza masikioni. Mama alinisimulia kwamba siku zangu za kwanza nililia bila kunyamaza na kukataa ziwa. Wakanitajia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, nami nikazidi kulia. Walipotaja Abuya nikanyamaza, nikanyonya, nikalala. Basi ikawa hivyo. Nilikuwa bado natoka meno, na wazee wenye mvi wakinipisha kwenye benchi na kuniita Dani, yaani bibi.

Huyo Abuya wa kwanza sikumwona, lakini nilikulia ndani ya kazi ya mikono yake. Alifiwa na mume angali kijana, na shemeji yake alipokuja kumrithi, alimjibu mbele ya watu kwamba yeye si jembe la kuachiwa mtu. Akaswaga ng'ombe wake, akachukua wanawe wawili, akaingia bonde la Lambwe wakati wengine walikuwa wakilikimbia kwa sababu ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Mila yetu inataka mwanamume ndiye afungue boma. Yeye alibeba mwenyewe shoka, jogoo na moto, vitu vya kufungulia boma. Shemeji zake walimwambia chira itamfuata, ile laana inayomla mvunja mwiko pamoja na watoto wake. Hakugeuka. Mwanawe mkubwa, Omondi, ilisemekana alivuka angali mvulana kwenda kuchunga ng'ombe wa watu Tanganyika na akapotelea huko. Mdogo ndiye babu yangu, na sisi sote tumetoka kwake.

Abuya alifyeka pori lile mpaka kwenye mawe ya kilima, akaacha kichaka kimoja tu, chini ya boma, kwenye njia ya mtoni. Hicho alikikataza. Hakutoa sababu. Alipokuwa kitandani akifa, bado alikuwa akisema, "Atakayetia panga mle atanijua mimi ni nani." Kichaka kikanenepa, miiba ikafungamana, na sisi watoto tukienda kuchota maji tulikizunguka mbali, hata kama kufanya hivyo kulirefusha safari. Kuni zilizoanguka pembeni mwake hakuna aliyeziokota.

Nilikuwa darasa la tatu Baba Mdogo Ouko aliporudi kutoka Isebania, alikokuwa akipakia malori. Nilimpenda kuliko watu wazima wote, kwa sababu yeye peke yake aliniona mtoto. Alinibeba mabegani, akanitekenya, akanituma sigara kama alivyotuma watoto wengine. Alikuwa amechoka na mizigo ya watu. Alitaka kuchoma makaa, kisha alime mahindi pale palipo na udongo mweusi wa mtoni.

"Baba, Isebania watu wamekata kila mti na hakuna aliyekufa," alimwambia babu. "Hii ni miaka ya tisini."

"Usiguse pale."

"Kwa nini?"

Babu alitazama miguu yake. "Mama alikataza."

"Alikataza kwa nini?"

"Alikataza tu, Ouko."

Wiki ile ng'ombe walianza kugoma kwenye njia ya mtoni. Walifika mahali fulani, wakasimama, wakapanua pua. Mbwa wetu alikimbilia kule akibweka, akarudi kimya na kujikunja chini ya ghala. Mama aliyaona hayo yote. Aliniambia baadaye kwamba aliogopa kuyasema, maana jambo likishasemwa linakuwa na miguu.

Siku yenyewe nilirudishwa nyumbani kutoka shuleni nikitetemeka kwa malaria. Ilikuwa mchana, jua kali, nami nimelala kwenye mkeka nikiona mabati yakishuka na kupanda. Nje nilisikia tupa ikipita kwenye panga, ikienda na kurudi. Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Yaliyobaki nimeyapata kwa mama.

Anasema niliinuka nikaketi, macho wazi, na kwa sauti nzito ya mwanamke mzima nikasema, "Kuna mmoja amelala mle. Mwacheni alale."

Tupa ikanyamaza. Babu alisimama kitini akavua kofia.

"Umesikia?" alimuuliza mwanawe. "Umesikia nani anasema?"

Baba Mdogo alijaribu kucheka, lakini kicheko hakikukaa mdomoni. "Huyu mtoto ana homa. Mpeni dawa." Mama anasema alikuwa amebadilika uso, na kwamba kama pasingekuwa na mtu wa kumtazama, huenda angeweka panga chini. Lakini tulikuwepo. Akaenda.

Hawakusikia panga likikata hata mara mbili. Walisikia miti ikivunjika, kisha yeye. Nyati dume, mzee, aliyetoroka upande wa mbuga ya Ruma, alikuwa amejificha ndani ya kile kichaka. Alimpiga pembe ya nyonga, akamrusha, akamrudia. Wanaume walipofika na mayowe na marungu, mnyama alikuwa ameshatokomea mtoni. Walimbeba Baba Mdogo juu ya kitanda hadi barabarani. Askari wa wanyamapori walimuua yule nyati siku iliyofuata na majirani wakagawana nyama. Nyumbani kwetu hakuingia hata kipande. Babu alikataa.

Baba Mdogo alikaa hospitali hadi mvua zikaisha. Alipoletwa nyumbani na mkongojo, nilimkimbilia kama zamani. Alirudisha mwili nyuma.

"Habari yako, Dani," alisema, akitazama pembeni.

Tangu siku hiyo hakula chakula nilichokishika. Nikiingia nyumbani mwake, alipata sababu ya kutoka. Mama aliniambia nisilie, kwamba ni heshima. Nililia.

Nilikuwa mwanamke mzima babu alipokuwa anaondoka duniani. Alituita sisi wawili, Baba Mdogo na mimi, akaomba mlango ufungwe.

"Omondi hakufika Tanganyika," alisema.

Malale yalimuua kaka yake mwaka uleule walipoingia bondeni, kabla boma halijafunguliwa, wakati walikuwa bado wanalala kwenye kibanda cha nyasi. Mama yao alimzika palepale kwenye kibanda. Alichimba peke yake, na babu, mtoto mdogo, akashika kibuyu cha maji. Kisha akamwapisha asiseme kwa mtu yeyote. Shemeji wangesikia, wangesema chira imeanza kula, wangekuja kumrudisha kwa nguvu. Akajenga boma juu zaidi, na hapo chini akaacha pori lijifunge.

Sauti ilimtoka Baba Mdogo kama ya mtu aliyeibiwa.

"Mngeniambia ni mtoto. Mngeniambia tu kuna mtoto pale. Ningemzungushia ua kwa mikono yangu."

Babu alilia. Baba Mdogo alilia. Mimi niliketi katikati yao na jina langu.

Watu huniuliza ni nani aliyesema siku ile. Sijui. Labda homa ilisema. Labda nilikuwa nimemwona mbwa akirudi, na kichwa changu kikaunganisha mambo. Kuna siku sitosheki na jibu hilo. Lakini yule bibi simlaumu. Mjane aliye peke yake porini hakuwa na askari wala mzee wa kumtetea. Alikuwa na vitisho tu, akavitumia kumlinda mwanawe, navyo vikaishi kuliko yeye, vikamkuta mjukuu wake.

Baada ya mazishi ya babu tulifungua njia hadi katikati ya kichaka, tukapanga mawe mahali alipotuelekeza. Baba Mdogo alisimama nami, akiniegemea begani. Niliwaambia watoto wangu ni nani amelala pale, alikufa kwa ugonjwa gani, na kwa nini mama yake alimficha. Wakauliza alikuwa na umri gani, nikawaambia hakuna ajuaye. Wakasikiliza mpaka mwisho, kisha wakakimbia mtoni kucheza.